Nina laki 9 na nataka kufungua saluni Mtwara: nikope wapi?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni msusi, nina miaka 28, naishi Chikongola, Mtwara mjini. Huu ni mwaka wa tano nasuka kwenye saluni ya mama mmoja kwa nusu kwa nusu: mteja akilipa elfu 20, kumi yangu, kumi yake. Miezi ya kawaida naingiza wastani wa elfu 20 kwa siku kabla ya kugawana, Desemba naweza kugusa hata elfu 60. Nina akiba ya laki 9, na hisa za laki 3 kwenye kikoba chetu ambacho tunavunja Desemba. Nimepiga hesabu ya saluni yangu ikafika 4,150,000. Kuna kampuni ya mikopo iko tayari kunipa milioni 2, rejesho elfu 120 kila wiki kwa wiki 24. Kaka yangu anasema tuweke rehani shamba la mikorosho la mama kule Tandahimba, benki itupe zaidi. Wenzangu wanataka tuunde kikundi tukachukue mkopo wa halmashauri. Mama hataki kusikia habari ya riba. Nifanye lipi? Nataka kufungua mwezi wa saba.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenirahisishia kazi kwa sababu umeandika namba. Nilikaa muda mrefu upande wa pili wa meza, ule wa anayetoa mkopo, na ninachokumbuka ni watu kuja na neno "mtaji" mdomoni bila hata karatasi moja. Kwa hiyo nitakujibu kwa namba zako mwenyewe.

Kwa kifupi: usifungue mwezi wa saba, hiyo milioni 2 usiichukue, na shamba la mama liache lilivyo. Fungua katikati ya mwezi wa tisa, saluni ndogo ya milioni 1 na laki saba na ushee, na mkopo wako wa kwanza uwe wa kikoba. Halmashauri itafuata mwakani. Sasa nikupe sababu, maana najua jibu la namna hiyo linakata moyo.

Tuanze na milioni 2, kwa kuwa ndiyo iliyo mlangoni. Elfu 120 mara 24 ni 2,880,000. Hiyo umeshaiona. Ambacho pengine hujaulizia ni kiasi utakachotoka nacho ofisini siku ya kusaini. Kampuni nyingi za namna hii hukata ada ya fomu na bima papo hapo, kisha hushikilia sehemu ya mkopo kama akiba ya dhamana. Tuseme ada na bima ni elfu 70, na akiba ni asilimia 10, yaani laki 2. Mkononi unabaki na 1,730,000. Ile laki 2 utarudishiwa ukimaliza deni, lakini wakati unaihitaji kununulia drya haipo. Ukijumlisha riba ya 880,000 na ile elfu 70, umelipa 950,000 ili utumie hela ya watu kwa miezi mitano na nusu.

Na riba yenyewe ina walakini. 880,000 juu ya milioni 2 kwa miezi mitano na nusu ni asilimia 8 kwa mwezi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji wasiopokea amana kwenye daraja la pili, na Benki Kuu ya Tanzania imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ukomo huo, riba yako ingekuwa kama 385,000. Hivyo kabla ya kuwapa hata nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, waombe wakuonyeshe leseni ya Benki Kuu, kisha waombe ratiba ya marejesho iliyoandikwa, yenye riba kando na ada kando. Anayekwambia "hayo utayaona ukishasaini" ameshakujibu.

Lakini hata wangekushushia riba, bado ningekuambia uache, kwa sababu ya ule muda wa wiki. Hesabu yako inasema miezi ya kawaida unaingiza elfu 20 kwa siku. Siku sita za kazi ni elfu 120. Yaani kila shilingi uliyosuka Jumatatu hadi Jumamosi inakwenda kwenye rejesho, kabla hujanunua dawa za nywele, hujaweka umeme, hujala, hujatenga kodi ya fremu. Na rejesho la kwanza litakukuta wiki inayofuata, fundi bado anapaka rangi na bango halijatundikwa, kwa hiyo utalilipa kwa hela ileile ya mkopo. La pili hivyohivyo. Ukifika la nne unaanza kukopa kwenye simu ili ulipe kampuni. Nyumbani kwenu mnajua kangomba, mkulima mwenye shida anauza korosho zake kwa bakuli kwa bei ya kutupa kabla ya mnada, kisha mnada unafunguliwa yeye hana kitu ghalani. Rejesho la wiki kwa saluni ambayo haijapata mteja ni kangomba hiyohiyo.

Kwenye simu nako nina la kusema, kwa sababu ndiko wengi wanakoangukia. Songesha ya M-Pesa na wenzake wametengenezwa ili muamala wako usikwame, nayo kazi hiyo wanaifanya vizuri. Mtaji wa biashara haukai humo hata siku moja. Zile programu za mikopo ya dakika tano ndizo kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ukichelewa siku mbili, wanatuma ujumbe kwa kila namba iliyo kwenye simu yako, na kwa msusi, namba zilizo kwenye simu ni wateja.

Sasa mwezi wa saba. Wewe ni mtoto wa kusini, hili unalijua hata kama hujaliweka kwenye hesabu. Juni na Julai hela ya familia nyingi iko shambani, kwenye salfa, dawa ya mikorosho, na vibarua wa kuipulizia. Minada ya korosho huanza Oktoba, na mnada ukifanyika leo hela haifiki leo. Inapita chama kikuu cha ushirika, inapita AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, ndipo inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Kwa hiyo msimu wa kusuka, wa kuweka dawa na kupamba maharusi unaiva Novemba na Desemba. Mjini hapo ongeza wanachuo, ambao bumu, hela yao ya mkopo wa chuo, likiingia mwanzo wa mwaka wa masomo kitu cha kwanza ni kichwa. Ramadhani saluni inalala, wiki ya mwisho kabla ya Idi hukai chini. Ukifungua Julai unalipia fremu miezi mitatu ukingoja watu. Ukifungua katikati ya Septemba unapata wiki chache za kuzoeleka mtaani, kisha msimu unakukuta umeshajipanga.

Ila usiuamini msimu kupita kiasi. Msimu wa 2018 minada ilikwama, Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakavutana hadi mwaka uliofuata. Wenye maduka, bodaboda na saluni za Mtwara, Masasi na Newala waliokuwa wamepanga marejesho yao kwa Desemba waliisoma namba. Ndiyo maana nataka deni lako la kwanza liwe dogo kiasi kwamba hata Desemba ikiwa mbaya utalimaliza kwa kusuka majumbani.

Niende kwenye hesabu yako ya 4,150,000. Umeandika fremu elfu 80 kwa mwezi kwa miezi sita, 480,000, dalali 80,000, drya mbili za kusimama 700,000, stima ya mvuke wa nywele 250,000, kiti cha kuoshea chenye sinki 450,000, viti na vioo 400,000, dawa na nywele za kuuza 500,000, runinga na redio 450,000, jipsamu, rangi na taa 600,000, bango 120,000, leseni na mengineyo 120,000. Hesabu imesimama, jumla ni sahihi. Tatizo ni kwamba umeandika saluni ya bosi wako. Saluni hiyo ameijenga kwa miaka, nawe unataka kuinunua kwa siku moja.

Jipsamu itoe leo. Fremu ni ya mtu. Ukiweka dari la laki 6 kwenye nyumba ya mwenzio, mkataba ukiisha anapandisha kodi kwa sababu fremu imependeza, au anampa shemeji yake. Kama ukarabati ni lazima, uandikwe kwenye mkataba kwamba gharama yake itakatwa kwenye kodi, na kiasi kitajwe. Runinga nayo ingoje. Mteja wa rasta anakaa saa tano, ni kweli anahitaji kitu cha kumshughulisha, lakini redio na maneno yako vimemshughulisha miaka mitano bila runinga.

Drya anza na moja. Watu wanaogopa umeme wa drya bure. Drya ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja, ambayo kwa mtumiaji wa kawaida, kundi la bei la T1, ni karibu shilingi 350. Mteja wa kuseti wa dakika 45 anakugharimu kama shilingi 260 za LUKU. Kinachoumiza ni mita ya pamoja. Fremu tatu zinatumia LUKU moja, jirani ana friji ya soda na pasi, halafu mnagawana sawa kwa sawa. Usisaini bila mita yako au mita ndogo ya kujua umetumia kiasi gani.

Sinki la laki nne na nusu ni zuri lakini si la kuanzia. Kinachotakiwa ni maji, na maji yawepo hata bomba likikauka. Mteja ukimpaka dawa ya kunyoosha una dakika chache tu za kuisuuza. Maji yakikatika dawa ikiwa kichwani, unamuunguza, na habari itafika mtaa wa Shangani kabla yeye hajafika kwake. Nunua pipa lenye kifuniko na koki, lijae kila asubuhi, weka kiti cha kuegemea na beseni la shingo. Elfu 100 inatosha.

Kwenye dawa na nywele, laki 2 na nusu yatosha, kwa kuwa wateja wengi wa kusuka huja na nywele zao au wanakutuma dukani. Chukua rangi mbili tatu za rasta zinazotoka kila siku, usijaze rafu. Na tafadhali, mkorogo wa kung'arisha ngozi usiuingize hata ukiahidiwa faida mara mbili. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019. Vyenye zebaki vimepigwa marufuku, na ukikaguliwa hela yako inateketezwa mbele yako.

Kwa hiyo yangu mimi inasoma hivi. Fremu miezi mitatu 240,000 na dalali 80,000. Drya moja 350,000. Pipa na sehemu ya kuoshea 100,000. Benchi la seremala, viti viwili na vioo 200,000. Dawa na nywele 250,000. Rangi 80,000. Bango la kuchorwa kwa mkono 40,000, na wachoraji wa kusini wanaliweza vizuri kuliko lile la kuprinti. Leseni na mambo ya TRA, watu wa kodi ya Serikali, 120,000. Inafika 1,460,000. Juu yake weka laki 3 ambazo hazinunui kitu chochote: ni chakula chako na kodi ya mwezi mmoja endapo mambo yatachelewa. Jumla 1,760,000.

Mwenye fremu atakuambia ni miezi sita au hakuna. Wengi huanza hivyo. Zunguka mwanzoni mwa Septemba fremu zikiwa bado nyingi zimefungwa, kabla wafanyabiashara wa msimu hawajaja kuzigombea, na mpe kitu badala ya miezi: kodi ya mwezi mmoja zaidi juu ya ile mitatu, mapema, au uvumilivu wa ukuta wake unaovuja. Na kabla ya kumlipa, zungumzeni habari ya kodi ya zuio. Ukipeleka mkataba TRA, asilimia 10 ya pango itadaiwa, kwa miezi yako mitatu ni 24,000, na ushuru wa stempu juu yake. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, wewe unapaswa kuikata kwenye hela yake na kuipeleka. Wapangaji wengi wanamlipa mwenye nyumba hela yote kamili, kisha wanaitoa tena mfukoni kwao. Iandikwe kwenye mkataba ni nani anaibeba.

Sasa pengo. Unayo 900,000, unahitaji 1,760,000, zinapungua 860,000. Sehemu yake ya kwanza iko mahali ambapo hujapataja kama mtaji: ile nusu ya bosi.

Elfu 20 kwa siku, siku 26, ni 520,000 kwa mwezi, nusu yake 260,000 inabaki kwa mama mwenye saluni. Simlaumu, yeye ndiye aliyeweka fremu, umeme na jina. Lakini kuna utaratibu mwingine ambao saluni nyingi zinautumia, wa kukodi kiti: unamlipa mwenye saluni kiasi kimoja kwa mwezi, kazi ikiwa nyingi au kidogo, na dawa unajinunulia. Mwendee kwa heshima zote, useme una mpango wa kusimama mwenyewe baada ya miezi mitatu, na ungependa katika muda huo umlipe 120,000 kwa mwezi. Yeye anapata uhakika wa hela, hasa miezi hii ya ukame. Kwako inabaki 140,000 zaidi; toa elfu 40 za dawa na vitu vidogo, unaweka laki moja kila mwezi. Miezi mitatu ni laki 3. Na faida nyingine isiyo ya hela: utaondoka kwa kuaga. Mtwara ni ndogo. Msusi anayeondoka usiku na wateja wa mwenzake anakuta maneno yameshafika kwenye fremu mpya kabla ya vioo.

Miezi hiyohiyo ni ya kuwatoa wali, yaani mabinti waliokuwa unyagoni, huko vijijini. Kwenu Tandahimba ngoma ikiwepo, akina mama na mashangazi wa ukoo wote wanataka vichwa vipya kwa siku moja. Nenda na begi lako Ijumaa, suka barazani, rudi Jumapili. Sitaiweka hela hiyo kwenye hesabu kwa sababu haina uhakika, ila ndiyo itakayolipa nauli za kutafuta fremu.

Zinabaki 560,000. Hapa ndipo kikoba. Vikoba vingi vinaruhusu kukopa hadi mara tatu ya hisa, kwa hiyo laki 3 zako zinakufikisha laki 9. Usizichukue zote. Omba laki 6 katikati ya Septemba, kwa miezi mitatu. Kama ziada yenu ni asilimia 10 kwa mkopo wote, utarudisha 660,000, yaani 220,000 mwishoni mwa Oktoba, Novemba na Desemba. Linganisha na kampuni, ambayo kwa mwezi ingekudai 480,000.

Tuipime Oktoba, mwezi wako mgumu. Tuseme kwenye fremu yako unaingiza elfu 25 kwa siku, kwa kuwa sasa unaseti na kuweka dawa pia. Ni 650,000. Dawa, LUKU na maji 130,000. Kodi tenga 80,000. Rejesho 220,000. Unabaki na 220,000 ya kula na nauli. Inabana, lakini inapita bila kukopa kwingine. Novemba inalegea. Desemba kikoba kinavunjwa, hisa zako na faida yake zinarudi mkononi, na deni limekwisha. Hapo ndipo drya ya pili inaponunuliwa, kwa hela isiyodaiwa na mtu.

Kuna njia ya kupunguza hata hiyo laki 6. Tafuta dada wa kucha, kope na hina mwenye vifaa vyake na asiye na pa kukaa. Mpe kona kwa elfu 30 kwa mwezi, alipe miezi mitatu mbele kama wewe ulivyolipa. Ni elfu 90 taslimu, na bibi harusi anayekuja kupakwa piko atakuta msusi hapohapo. Muandikiane, hata kama ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako.

Wenzako wa kikundi hawajakosea. Mkopo wa halmashauri ndio wa bei nafuu kuliko yote, kwa kuwa hauna riba kabisa: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024 na kanuni mpya. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Atawaambia habari ya usajili wa kikundi, katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Shida yake ni mbili. Hauji kwa kalenda yako, unapita vikao vya kata na vya halmashauri, hivyo ukiutegemea kulipia fremu ya Septemba fremu itachukuliwa na mwingine. La pili ni zito zaidi: deni ni la kikundi. Wanawake watano waliokutana kwa sababu ya dirisha la mkopo, mmoja akiolewa Dar es Salaam, mwingine akiugua, watatu wanabaki na deni la watano. Kwa hiyo undeni kikundi sasa, lakini kwanza wekeni akiba pamoja, hata elfu 5 kwa wiki, mpaka mfike mwakani. Asiyeleta elfu 5 kwa miezi sita hataleta rejesho, na mtakuwa mmemjua bila kuingia hasara. Sido, shirika la Serikali la viwanda vidogo, nao wana mfuko wa mikopo uitwao NEDF kwa wajasiriamali wadogo, na ofisi yao ipo Mtwara. Pitia uulize masharti ya sasa ukiwa na daftari la mauzo mkononi.

Daftari hilo lina thamani kuliko unavyofikiri. Kwa mauzo yako, mwaka mzima unaweza kufika kama milioni 8. Kwa kodi ya makadirio, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu anatozwa 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu anatozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwa milioni 8 ni 120,000. Daftari la shilingi elfu 2 limekuokolea 130,000. TIN, namba ya mlipakodi, haiuzwi, ni bure, akija mtu kukuuzia mfukuze. Na chukua lipa namba tangu siku ya kwanza, hata wateja wakipenda taslimu. Mwakani ukienda benki, taarifa ya miamala ya miezi sita inaongea kuliko mimi.

Nimeiacha familia mwisho kwa sababu ndipo panapotaka busara. Kaka yako ana nia njema, lakini shamba la mama si la mama peke yake. Kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ardhi na mikorosho inafuata ukeni; mna wajomba, mna dada, mna watoto wa dada. Benki ikija kuuza, kesi haitakuwa yako na benki, itakuwa yako na ukoo. Na mkorosho unachukua miaka kufikia kuzaa vizuri. Huweki rehani kitu cha namna hiyo kwa ajili ya drya. Kama mama anataka kukusaidia, mwombe Novemba akishalipwa akukopeshe laki mbili, mwandike tarehe ya kurudisha, na usiguse hela yake ya palizi. Kaka naye kama ana cha kutoa atoe, ila aseme mapema ni zawadi, ni mkopo, au anataka awe mshirika. Laki tatu ambayo haijasemwa ni nini, saluni ikichangamka inageuka kuwa nusu ya saluni.

Kuhusu riba, mheshimu mama. Mkopo wa halmashauri hautamkwaza. Kwenye kikoba, waulize wenzako: vipo vikundi vinavyokopeshana bila ziada na kuchangia gharama tu, na chenu kinaweza kukubali hivyo kwa mwanachama anayeomba. Baadaye, ukitaka vifaa vikubwa, benki zenye huduma za Kiislamu, kama dirisha la Al Barakah la CRDB, hufanya murabaha: benki inanunua kifaa, kisha inakuuzia kwa bei mnayokubaliana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Kwa sinki na stima inafaa, kwa kodi ya fremu haifai.

Na bosi akikataa habari ya kiti? Huenda akakataa, ni haki yake. Basi laki 3 hazipatikani kwa njia hiyo, nawe una mambo mawili ya kufanya. Tafuta saluni nyingine inayokodisha kiti kwa miezi hii mitatu, na uhamie huko baada ya kuaga. Au toa laki 3 za tahadhari kwenye hesabu yangu na ufungue kwa 1,460,000, jambo ambalo silipendi lakini linawezekana kama unaishi kwa mama na hulipi chumba. Yote mawili yakishindikana, chukua fremu ndogo zaidi pamoja na msusi mwenzio, kodi nusu kwa nusu, kila mmoja na daftari lake na droo yake yenye ufunguo.